AKILI YA MTOTO HAINGOJEI NASARI

Kikundi cha kujisaidia kikikaa chini kupanga mambo ya watoto, neno la kwanza huwa ni karo. Kuna mtoto anayengoja kuingia sekondari, kuna mwingine aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya deni la shule, na kila mzazi anaangalia zamu yake katika mzunguko wa chama. Hiyo ni kazi njema na hatuisemi vibaya. Lakini hebu jiulizeni: katika kitabu cha mweka hazina wenu, kuna mstari hata mmoja unaomhusu mtoto ambaye bado hajaanza kutembea?

Vikundi vingi vitajibu kwamba hakuna. Mtoto mdogo ni wa mama yake, ndivyo tunavyosema. Anyonye, alale, akue. Mambo ya akili yatakuja akifika shule. Kumbe hapo ndipo hesabu yetu inapopotoka. Sehemu kubwa ya ujenzi wa ubongo hufanyika kabla mtoto hajaujua mlango wa nasari, na wajenzi ni wale wanaombeba, wanaomlisha na wanaomsemesha. Tena, na hili ndilo linalohusu vikundi, mama aliyelemewa na kazi na mawazo hawezi kuimaliza kazi hiyo peke yake, hata awe na upendo mwingi namna gani.

NJIA ZILIZOMO KICHWANI

Mtoto akizaliwa, ubongo wake una uzito wa kama robo ya ubongo wa mtu mzima. Akitimiza miaka 3 umeshafika kama asilimia 80. Miguu na mikono bado ni ya mtoto, lakini kichwa kimekaribia kumaliza kukua.

Hata hivyo, uzito si jambo lenyewe. Ubongo umeundwa kwa chembe ndogo sana ambazo hazina kazi zikikaa kila moja peke yake. Ni lazima ziunganishwe, hii na ile, kama vile nyumba za kijiji zinavyounganishwa na njia za miguu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wanakadiria kwamba katika miaka ya kwanza ubongo wa mtoto hufungua miunganisho mipya zaidi ya milioni 1 kila sekunde. Baadaye huanza kupunguza. Njia inayopitwa kila siku hupanuka ikawa barabara, na ile isiyopitwa humea nyasi mpaka inapotea. Kwa mfano, mtoto wa miezi 6 anaweza kutofautisha sauti za lugha ambazo hazijapata kusemwa nyumbani kwao. Akikaribia mwaka 1 masikio yake yameshachagua: zile sauti za nyumbani amezishika barabara, na nyingi za kigeni ameziacha.

Sasa, ni nini kinachokanyaga njia hizo? Ni kuitikiana. Mtoto anaguna, mama naye anaguna. Mtoto anamkazia macho kuku, dada yake anasema, "Kuku huyo!" Analia, anachukuliwa. Kila anapojibiwa, njia imepitwa mara moja zaidi. Katika miaka ya 1970, mtaalamu mmoja wa Marekani, Edward Tronick, aliwaomba kina mama wacheze na watoto wao wachanga, halafu kwa dakika chache wakaushe uso, wasicheke wala wasijibu. Watoto wale walijaribu kila njia: walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakapiga kelele. Walipoona hakuna jibu waligeuza macho na kunyong'onyea. Hizo ni dakika chache tu. (Siku hizi uso uliokauka mara nyingi ni wa mzazi aliyeinamia simu, na kina baba tumo pia.)

Liko na jambo la hofu. Mtu akishtuka, mwili hutoa homoni iitwayo kotiso, nayo inamsaidia kukimbia hatari au kupambana nayo. Mtoto akiogopa kisha akabebwa na kutulizwa, homoni hiyo hushuka na hakuna lililoharibika. Shida inakuja pale hofu inapokuwa ya kila siku na hakuna wa kumtuliza: nyumba ya ugomvi, mlezi mkali, au upweke wa saa nyingi. Kotiso ikibaki juu kwa muda mrefu, inaweza kuvuruga ujenzi wa sehemu za ubongo zinazohusika na kukumbuka na kujitawala. Mtoto kama huyo akifika shuleni tunamwita mtundu, au mzito wa kichwa.

PANYA WALIOLAMBWA NA PANYA WASIOLAMBWA

Jambo hili limechunguzwa kwa undani sana kwa kutumia panya. Kazi ilifanywa katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, Kanada, na Michael Meaney pamoja na wenzake. Waliona kitu ambacho mtu yeyote mwenye kufuga sungura au mbuzi angeweza kukiona: mama hawako sawa. Panya wengine huwalamba watoto wao sana na kuwasafisha manyoya, wengine huwalamba kidogo. Wote wananyonyesha, wote ni mama wazima wasio na ugonjwa. Tofauti ni huko kulambwa tu, katika juma la kwanza la maisha.

Watoto wale walipokua, waliolambwa sana walikuwa watulivu. Waliingia mahali pageni bila woga mwingi, na wakishtuliwa homoni ya hofu ilishuka upesi. Waliolambwa kidogo walikuwa wa kushtukashtuka, na hofu yao ilichelewa kutoka mwilini.

Mtu atasema ni damu: mama mwoga amezaa mtoto mwoga. Wale wataalamu nao walijiuliza hivyo hivyo. Wakabadilisha watoto mara tu walipozaliwa, kama vile mfugaji anavyomwekea kuku mayai ya mwenzake. Matokeo, yaliyotangazwa mwaka 1999, yalionyesha kwamba mtoto aliyezaliwa na mama mlambaji hafifu lakini akalelewa na mlambaji hodari, alikua mtulivu. Tena, alipozaa yeye mwenyewe, aliwalamba wanawe sana, jinsi alivyolambwa na yule aliyemlea, si jinsi mama aliyemzaa alivyokuwa akifanya. Hivyo tabia ilipita kutoka kizazi hadi kizazi bila kupitia damu.

Mwaka 2004 walieleza jinsi mambo hayo yanavyotokea ndani ya ubongo. Kila kiumbe hubeba jeni, yaani maagizo ya urithi aliyopokea kwa wazazi. Kuna jeni moja inayousaidia ubongo kuizima kotiso baada ya hatari kupita. Katika panya wasiolambwa vizuri, jeni hiyo ilikuwa imewekewa alama za kikemikali ambazo zinafanya kazi kama kifuniko cha chungu. Maagizo yako ndani, lakini ni vigumu kuyafikia. Katika wale waliolambwa sana, kifuniko kilikuwa kimeondolewa kwa kiasi kikubwa. Malezi hayakubadilisha urithi. Yalibadilisha urithi upi utumike.

Kuna mambo mawili zaidi kuhusu panya hawa ambayo tunataka vikundi viyashike. La kwanza: panya waliokuwa walambaji hodari, waliposumbuliwa wakiwa na mimba, walipunguza kulamba baada ya kuzaa. Hawakuwa wamepoteza upendo. Walikuwa wamechoshwa. La pili ni la kutia moyo: watoto waliokosa malezi mazuri, wakiwekwa baada ya kuachishwa kunyonya katika banda pana lenye wenzao wengi na vitu vya kuchezea, walipata nafuu kubwa katika kujifunza kwao.

Basi msomaji ataniambia, mimi si panya. Ni kweli, na si kila kitu cha panya kinahamia kwa binadamu. Lakini lipo jambo lililowapata watoto wa binadamu, na linaumiza kulisimulia.

WATOTO WA ROMANIA

Mwaka 1966 serikali ya Romania ilipiga marufuku kutoa mimba na ikabana njia za kupanga uzazi, kwa sababu ilitaka watu waongezeke. Jamaa nyingi maskini zilizaa watoto ambao hazikuweza kuwalisha, nao wakapelekwa katika nyumba za serikali. Utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipoanguka Desemba 1989, ilionekana kwamba zaidi ya watoto 100,000 walikuwa wakiishi katika nyumba hizo. Walezi walikuwa wachache, wa kubadilishana zamu. Mtoto alilishwa kwa saa, akabadilishwa nguo kwa saa, na muda uliobaki alilala akitazama dari. Wageni walioingia katika vyumba vya wachanga walishangazwa na ukimya. Mtoto akilia siku nyingi bila kujibiwa, mwishowe huacha kulia.

Kuanzia mwaka 2000 wataalamu watatu wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walifanya kazi mjini Bucharest na watoto 136 wa nyumba hizo, wenye umri wa kati ya miezi 6 na 31. Kwa kupiga kura, nusu yao walitafutiwa jamaa za kuwalea, na nusu wakabaki katika utaratibu wa kawaida. Walipopima umeme wa ubongo, ambao kila mtu anao, ule wa watoto wa nyumba za serikali ulikuwa hafifu. Wale waliopata jamaa waliendelea vizuri kuliko wenzao: akili iliongezeka, hofu ikapungua, wakajifunza kumshika mtu mmoja na kumwamini. Na umri ulihesabika. Waliotolewa kabla ya kufika miaka 2, walipopimwa tena wakiwa na miaka 8, umeme wa ubongo wao ulifanana na wa watoto ambao hawajapata kuishi katika nyumba hizo. Waliochelewa hawakufikia hapo.

Jambo hili linatugusa hata sisi wa kanisa. Tumejenga nyumba nyingi za watoto yatima katika nchi hii, kwa moyo mwema na kwa sadaka za watu. Lakini mtoto mchanga anahitaji mtu wake, kuliko anavyohitaji jengo la mawe. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilitoa mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika malezi ya jamaa. Kikundi kinachojua kuna nyanya anayelea mjukuu yatima, na kikamsaidia unga na sabuni ili mtoto asiondoke kwake, kimefanya jambo kubwa kuliko kujenga bweni.

TULICHO NACHO KWETU

Isije ikadhaniwa kwamba elimu hii yote ni ya ng'ambo. Mwaka 1954 na 1955 mama mmoja aliyeitwa Mary Ainsworth alikaa Uganda na kutembelea jamaa 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akiketi na kina mama nyumbani kwao na kuangalia watoto wanavyokua. Aliona kwamba mtoto anayemwamini mama yake hatambai kumng'ang'ania. Anamfanya kama kituo. Anaenda kuchungulia mbuzi, anageuka kuona kama mama yuko, anaenda tena. Mtoto mwenye mashaka ndiye asiyebanduka. Mambo mengi ambayo sasa yanafundishwa duniani kote kuhusu mtoto na mlezi wake yalianza kuonekana pale, katika nyumba za majirani zetu.

Katika miaka ya 1970 walikuja watafiti wengine Kenya. Charles Super alikaa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis, akaona kwamba watoto wa pale walikaa na kutembea kama mwezi mmoja mapema kuliko watoto wa Marekani. Watu wengi walidhani Mwafrika anazaliwa hivyo. Super akagundua kwamba kina mama walikuwa wakifundisha! Mtoto alikalishwa kila siku, akaegemezwa, akashikwa mikono na kutembezwa. Kutambaa, ambako hakuna aliyekufundisha, hakukutangulia. Mnaona jinsi njia inayopitwa inavyopanuka?

Huko Kisii, Robert LeVine na wenzake walilinganisha kina mama wa pale na wa mji wa Boston, Marekani. Mama Mkisii alimbeba mtoto zaidi na alikijibu kilio upesi zaidi. Lakini kumsemesha na kumkazia macho mtoto mchanga kulikuwa kidogo kuliko kule Boston. Wasitokee watu wa kuwacheka kina mama hao. Wakati ule watoto wengi walikuwa wakifa, na kazi ya kwanza ya mama ilikuwa ni kumtunza mtoto apate uhai na utulivu. Maneno angeyapata kwa ndugu zake akishaanza kutembea. Ilikuwa hekima ya wakati wake.

Maoni yetu ni haya: upande wa kubeba na kutuliza, hatuna haja ya mwalimu kutoka mbali. Mgongo wa mama na leso yake vimefanya kazi ambayo kitanda cha mtoto hakiwezi. Ila maneno na michezo kwa mtoto mchanga tumevifanya kidogo, kwa kufikiri kwamba bado hasikii kitu. Anasikia. Husikia sauti ya mama hata kabla ya kuzaliwa.

SAA MOJA KWA JUMA

Kuongeza maneno na michezo hakuhitaji pesa nyingi, na tunajua hivyo kwa sababu limejaribiwa na watu wa hali kama yetu. Mjini Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987, Daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 wa miezi 9 hadi 24 ambao walikuwa wamedumaa kwa lishe mbaya. Baadhi yao walipewa maziwa ya unga. Baadhi walitembelewa na wahudumu wa afya wa mtaa, wanawake wa kawaida, saa moja kila juma kwa miaka 2. Mhudumu alicheza na mtoto na mama yake, kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa takataka za nyumbani. Alimwonyesha mama, akamsifu mama, akaenda zake. Baadhi ya watoto walipata vyote viwili, na wengine hawakupata lolote.

Miaka 20 baadaye walitafutwa. Wale waliotembelewa na kuchezeshwa walikuwa na mapato yaliyozidi ya wenzao kwa asilimia 25. Walikuwa wamefanya vizuri zaidi shuleni, na walikuwa na ugomvi na vita vichache. Faida ya maziwa peke yake haikudumu hivyo. Maana yake si kwamba chakula si kitu, kwa sababu mwenye njaa hachezi. Maana yake ni kwamba kibakuli cha uji kinafaa kiletwe pamoja na mazungumzo.

Na hapa kwetu, magharibi mwa Kenya, kati ya mwaka 2018 na 2019 ulifanyika mradi ulioitwa Msingi Bora katika vijiji 60, kwa kina mama zaidi ya 1,100 wenye watoto wa miezi 6 hadi 24. Katika vijiji vingine kina mama walikutana kikundini mara 16, kila baada ya majuma mawili, wakiongozwa na mhudumu wa afya wa kijiji chao. Kwingine mikutano ilichanganywa na kutembelewa nyumbani. Vijiji vilivyobaki vilingoja. Mwisho wa mwaka, watoto wa kikundi walikuwa wamewapita wale wa vijiji vilivyongoja katika kufahamu mambo na kuelewa maneno, na mikutano ya kikundi peke yake ilifanya kazi vizuri hata kuliko ule mchanganyiko. Wanakikundi, someni tena sentensi hiyo. Kile mlicho nacho tayari, yaani watu wanaokutana chini ya mti siku inayojulikana, ndicho chombo kilichofanya kazi.

MZIGO WA MAMA

Tumesema panya aliyesumbuliwa hupunguza kulamba. Mama wa kijijini huamka kabla ya jua, huchota maji, huenda shamba, hurudi na kuni, na jioni ndipo anapomwona mtoto kwa utulivu, naye mwenyewe anasinzia. Kumwambia mama huyo "ongea na mtoto wako" bila kumpunguzia kitu ni kumwongezea gunia juu ya gunia.

Kwa hiyo kikundi kianze hapo. Zamani katika jamii zetu nyingi mama aliyejifungua hakuguswa na kazi nzito kwa majuma kadhaa; wanawake wa ukoo walimletea maji na uji. Desturi hiyo imekufa katika vijiji vingi kwa sababu kila mtu ana haraka. Kikundi kinaweza kuifufua kwa orodha ya zamu, kama kinavyofanya katika matanga. Inashangaza kwamba tuko hodari sana kumwendea mama aliyefiwa, na tunamsahau aliyezaa. Vilevile, siku ya kazi ya pamoja shambani, wawekeni kina mama wawili chini ya mti na mkeka safi wawaangalie wachanga wote, badala ya kumfungia mtoto nyumbani na dada yake wa miaka 6. Dada huyo naye ni mtoto.

Wengine wana zaidi ya uchovu. Mama ambaye halali hata mtoto akilala, asiyefurahia kitu kwa zaidi ya majuma mawili, anayesema afadhali nisingekuwepo, huyo ni mgonjwa. Si mvivu, na msikimbilie kusema ana pepo. Ombeni naye, na kesho yake mmsindikize zahanati. Huko vijijini Pakistani wahudumu wa afya wa kike walifundishwa kuwatembelea kina mama wenye huzuni ya namna hiyo na kuzungumza nao kwa utaratibu. Matokeo yalitolewa mwaka 2008: baada ya miezi 6, kati ya kila kina mama 100 waliotembelewa kwa mazungumzo hayo, 23 bado walikuwa na huzuni, na kati ya waliotembelewa kwa kawaida tu, 53. Hawakuwa madaktari, walikuwa majirani waliofundishwa kidogo.

Na baba? Baba akija jioni anadhani mtoto mdogo si kazi yake mpaka aanze kusema. Mtoto hachagui. Mkono wa baba ukimshika na sauti ya baba ikimwita jina, njia zile zile zinakanyagwa. Kabla ya hapo, baba ambaye hampigi mama wala hamgombezi mbele ya mtoto ameshafanya nusu ya kazi.

KUHUSU KIBOKO

Mara nyingi tukifundisha mambo haya mzee mmoja husimama na kusema, samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, mzee wangu. Lakini anayekunja samaki mbichi anatumia vidole taratibu. Akitumia nguvu samaki anakatika. Mtoto wa mwaka mmoja akipigwa kwa sababu analia, hawezi kuelewa sababu. Anachojifunza ni kwamba yule wa kumtuliza ndiye wa kumtisha, na hapo kotiso inapanda bila pa kushukia. Sehemu ya ubongo inayomwezesha mtu kujizuia huendelea kukomaa mpaka amepita miaka 20, sasa tunamdai mtoto wa nasari awe nayo? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 29, inamlinda kila mtu na adhabu ya viboko, na mtoto ni mtu. Mwelekeze, mwondolee kitu cha hatari, mwonyeshe kingine. Inachosha, hatukatai.

VITU VYA KUCHEZEA

Siku ya mkutano kila mama alete alichonacho. Chupa ya plastiki iliyooshwa, ikatiwa punje chache za mahindi na kifuniko kikakazwa kabisa kwa waya au gundi, ni kayamba. Vipande vya leso kuukuu hushonwa mwanasesere. Mshoneeni macho kwa uzi, msitumie vifungo. Mwombeni fundi seremala mabaki ya mbao, mkayapige msasa, mtoto apange na kubomoa. Bakuli la plastiki na kijiko vinatosha kabisa kwa wa miezi 7. Sheria ni moja: kitu kinachoweza kuingia chote mdomoni hakipewi mtoto aliye chini ya miaka 3. Mifuko ya plastiki pia, hapana.

Lakini kitu cha kuchezea bila mtu ni kitu tu. Kaa naye. Ukimwosha, taja mguu, taja mkono. Ukichambua maharagwe, mwambie unachofanya kama unayemwambia jirani. Akitoa sauti, nyamaza umsikilize, halafu umjibu. Zungumza lugha unayoijua vizuri, iwe Kikamba, Kitaita au Kiluhya. Kiingereza kitapatikana shuleni, na mama anayetafuta maneno ya Kiingereza huongea machache. Usiku, hadithi ile ile mara mia haimchoshi, hata ikikuchosha wewe.

Na kila mkutano, mhudumu wa afya awaangalie watoto mmoja mmoja. Mtoto wa miezi 6 ambaye hageuki akisikia sauti, wa miezi 9 asiyeweza kukaa, wa mwaka na nusu asiyetembea au asiyesema neno hata moja, na yule wa umri wowote aliyepoteza jambo alilokuwa akilijua, wapelekwe kliniki mwezi huo huo, na kile kijitabu cha mama na mtoto kibebwe. Nauli ya matatu itoke katika mfuko wa kikundi.